Tupeane uzoefu: uliyewahi kujishonea gauni la joto nyumbani kwa paterni, yalikukuta yapi?

MamaJunia wa Njiro
Wapendwa, joto limeshaingia. Leo pale soko la Kilombero nimekutana na kitenge cha pamba rangi ya bahari, nimeshindwa kupita, nimechukua yadi 3. Nataka gauni jepesi: mbele kipande kimoja, nyuma kimoja, halina zipu, halina mikono, shingo ya duara. Paterni, yaani michoro ya vipande vya kukatia nguo, nimeshapakua, ni zile za kuchapa kwenye A4 kisha unabandika. Kabla sijatia mkasi nataka kuwasikia mliopita njia hii, hasa wa Arusha na Moshi. Mazuri na machungu yote leteni.

Dada Sakina
Umenitonesha kidonda. Paterni yangu niliituma steshenari kwa WhatsApp, kijana akachapa, nikalipa, nikakesha nabandika. Kitambaa kilikuwa poplini nyeupe yenye maua madogo ya njano, kanipa dada yangu nishonee gauni la sendofu yake. Nikakata, nikaunga mabega, nikaunga ubavuni, kwapa nikazimaliza kwa utepe wa mshazari, safi kabisa. Usiku wa kuamkia sendofu navaa: kichwa kimepita, mikono imepita, kifuani limegoma. Halina zipu lile, utaingilia wapi? Navuta, nasikia uzi unakatika. Mama amekaa kitandani ananitazama tu. Nikadhani nimenenepa, nikajipima, kifua ni kilekile, sm 92. Ndipo mama akaokota karatasi akauliza, "Hiki kisanduku kilichoandikwa sm 10 ni cha nini?" Tukaweka futi kamba: sm 9.4.

Yule kijana alichapa kwa kubana ili mchoro utoshe ukurasa. Kila kitu kikapungua kwa asilimia 6. Kifua cha gauni kilichotakiwa kuwa sm 100 kikawa 94, na sm 2 za nafasi haziwezi kukupitisha kwenye nguo isiyo na zipu. Sendofu ya dada yangu wa pekee nikaenda na gauni la kuazima, na kwenye picha zote nimejificha nyuma ya mashangazi. MamaJunia, wachape kwa asilimia 100. Waanze na ukurasa wenye kisanduku peke yake, upime palepale kaunta, ndipo waendelee na nyingine.

Chalii wa Sanawari
Hapo kwenye kisanduku hapo. Mke wangu yalimkuta hayohayo.

Fundi Kaloleni
Jamani mnateseka bure. Mimi ninayo cherehani yangu ya kukanyaga barazani. Mtu anasimama, napima bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, nachora kwa chaki, nakata. Hayo makaratasi ni mambo ya intaneti ya juzijuzi.

Mwalimu Mbuyuni
Fundi, si ya juzijuzi. Paterni za karatasi zenye saizi mbalimbali alizianzisha fundi wa Marekani, Ebenezer Butterick, mwaka 1863, watu wapate kushona majumbani mwao. Marehemu mama yangu hapa Moshi alikuwa na majarida ya ushonaji ya Burda ya Ujerumani. Ile karatasi ya ndani mistari imepishana kama njia za siafu, unaifuata ya saizi yako tu kwa kaboni. MamaJunia, soma kama paterni yako ina nafasi ya mshono, ule ukingo wa ziada wa kushonea. Zile za jarida la Burda hazikuwa nayo, mama aliongeza sm 1.5 pande zote. Za Marekani nyingi zinayo tayari, inchi 5/8. Ukiongeza juu ya iliyopo gauni litakupwaya.

Mama Ngarenaro
Fundi, chaki yako tunaiheshimu. Tatizo letu ni "njoo kesho". Nguo ya Krismasi wengine tumeivalia Pasaka.

Fundi Kaloleni
Na nyinyi mnaleta kitambaa tarehe 23 Desemba, mnategemea nini?

Mama Ngarenaro
Na vile vipande vinavyobaki vinakwenda wapi?

Fundi Kaloleni
Vipande vipi?

Binti Rau
Naomba niseme la kwangu, maana halijaniisha moyoni. Mama mkwe alishuka kutoka Rombo kwa ajili ya kliniki, akakaa kwetu. Mimi nilikuwa nimeihamishia paterni kwenye karatasi za kaki, nikaandika kila kipande, nikachora mishale ya kuonyesha uzi wa kitambaa uelekee wapi, nikaviringisha, nikaweka juu ya kabati. Kipande cha mbele tu ndicho kilikuwa kimebanwa na pini kwenye kitambaa.

Asubuhi nikaenda kazini. Jioni nashuka kwenye daladala, kijana wa bodaboda amekaa kwenye pikipiki anakula andazi, na kwenye karatasi ya andazi nasoma mwandiko wangu: NYUMA, KATA 1 KWENYE MKUNJO. Miguu iliniisha nguvu. Nikamwomba ile karatasi, akanishangaa, akanipa imelowa mafuta. Kumbe jirani yetu muuza maandazi alipita kuomba makaratasi ya kufungia, na mama mkwe kwa ukarimu wake akampa yote. Nyumbani akanipokea kwa furaha, "Nimekusafishia juu ya kabati, kulikuwa na michoro ya watoto." Nikasema asante mama. Nikaingia chumbani nikalia. Mume wangu akaniambia si karatasi tu, nikamwomba aondoke kwanza.

Kilichoniokoa ni kile cha mbele. Nikakichora tena, shingo nikaipandisha ili ya nyuma isishuke sana, mkato wa kwapa nikaupunguza kina kidogo. Kwa kuwa gauni lenyewe halikuwa na mikunjo ya kifuani, lilikaa. Lakini ule uchungu nilioupata siku ile nisingemtakia mtu.

Shangazi Tengeru
Pole mwanangu. Umefanya vyema kunyamaza.

Mama Ngarenaro
Kunyamaza nini! Karatasi imeandikwa, imeviringishwa, imewekwa juu, halafu "michoro ya watoto"? Makusudi hayo.

Shangazi Tengeru
Acha kuchonganisha nyumba ya watu. Huyo mama karatasi ya kaki anaijua ya kufungia sukari. Angejuaje?

Chalii wa Sanawari
Mimi niko upande wa jirani. Biashara ni biashara.

Kaka Pasua
Binti Rau, yule bodaboda alipewa karatasi nyingine?

Mwalimu Mbuyuni
Turudi kwenye gauni. MamaJunia, upana wa kitambaa umeuangalia? Paterni nyingi zinahesabia sm 140. Kitenge chetu ni kama sm 115. Yadi 3 ni mita 2.74, kwa gauni fupi lisilo na mikono zinatosha, ila panga vipande vyote kwanza ndipo ukate.

Mama Kijenge
Na michoro ielekee upande mmoja! Wangu walikuwa ndege, mbele wanaruka, nyuma miguu juu. Ni mpangaji mwenzangu aliyenishauri nigeuze kipande ili kitambaa kitoshe. Kitenge cha ndege sikununua tena.

Shangazi Tengeru
Kiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi rangi ishike.

Dada Sakina
Shangazi, chumvi haishikishi rangi ya kitambaa cha dukani. Kifuliwe peke yake tu. Sababu kubwa ya kukifua ni kwamba pamba hurudi, bora irudi kabla ya mkasi kuliko baada.

Shangazi Tengeru
Sisi tumetumia chumvi na rangi zipo hadi leo.

Fundi Kaloleni
Sindano namba 14 kwa kitenge. Ukikata shingo tu, kabla hujaunga chochote, pitisha mshono mmoja pembeni mwa mkato wa shingo isivutike. Na kila mshono upigwe pasi kabla ya kwenda unaofuata. Haya nawapa bure.

Mama Kijenge
Ubarikiwe fundi. Ila pasi ya mkaa ikae mbali, cheche moja tu.

Kaka Pasua
Kwani Arusha mnavaa gauni lisilo na mikono lini? Hilo ni la huku Moshi.

Chalii wa Sanawari
Desemba mpaka Machi tunavaa, arifu. Usituonee kwa baridi ya Julai.

MamaJunia wa Njiro
Nimepiga pasi kitenge kimekauka, kisanduku nimekipima ni sm 10 kamili. Asanteni. Binti Rau, usituache njiani, mama mkwe alikuja kujua?

Binti Rau
Bado yuko kwangu. Aliliona gauni limeisha, akalishika upindo, akaligeuza ndani nje, akasema na yeye anataka, lakini la mikono mirefu. Kitambaa ameshanunua soko la Memorial. Mwenye paterni ya mikono mirefu, kifua sm 116, naomba sana aniwekee hapa.