Mrejesho: Ile siku moja ya kutembea kabla ya tamasha

Wakuu, nimerudi salama. Niliuliza hapa: nasafiri kwenda tamasha kwenye mji nisioujua, nina siku nzima kabla ya shoo ya usiku, niitumieje bila kufika ukumbini hoi?

Asanteni sana. Nilimfuata aliyesema nichague eneo moja nilizunguke kwa miguu, nisikimbizane na kila kivutio. Begi niliacha mapokezi hotelini. Asubuhi nikapita kwanza ukumbini, nikaona geti langu na kituo cha basi la kurudia. Usiku watu walipomwagika nje kwa pamoja, mwenzenu nilishajua pa kuelekea.

Nilipofeli: mliniambia niangalie siku za makumbusho, nikapuuza. Ilikuwa Jumatatu, na kumbe makumbusho mengi hufungwa siku hiyo. Nimefika nakuta kufuli, na mtalii mwingine kabandika paji la uso kwenye kioo anachungulia ndani. Nikaishia mji wa zamani, na kusema kweli ndiko nilikofaidi zaidi.

Halafu simu. Picha zilikula chaji, nikafika getini na asilimia 6, tiketi iko humo humo. Ilisomwa, lakini jasho lilinitoka. Bebeni pawabenki.

Aliyesema nirudi kulala saa kumi jioni, nisamehe. Nilijiona bado nina nguvu. Wimbo wa tatu tu, nikawa natafuta ukuta wa kuegemea.