Wakufunzi wa sanaa Mwanza si watu wa kujitolea: ada zinakusanywa kwa majina yetu, sisi tunapewa nauli

Ndugu wanajukwaa,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mkufunzi wa batiki na uchapaji wa vitambaa katika kituo kimoja cha sanaa cha jamii hapa jijini Mwanza. Jina la kituo sitalitaja, kwa sababu shauri letu linaelekea kwenye vyombo husika na sitaki mtu aje kudai kwamba tulilihukumu mtandaoni kabla halijasikilizwa. Mambo yenyewe, hata hivyo, nitayaeleza bila kupunguza, kwa kuwa najua hayatuhusu sisi peke yetu. Kila ninapozungumza na wenzangu wanaofundisha uchoraji, ngoma, ufinyanzi au maigizo, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, nakutana na kisa kilekile, tofauti ni majina tu.

Kituo kinatangaza madarasa ya watoto na vijana kwa kutumia majina yetu, picha zetu na kazi za mikono yetu. Wazazi wanalipa ada ya muhula na kupewa risiti. Sisi tunaofundisha tunapewa kile kinachoitwa posho ya nauli, shilingi 5,000 kwa kipindi, ambayo hutolewa pale tu mhasibu anapokuwa na fedha, na mara nyingi tunaambiwa hana. Hatuna mkataba, hatuna hati ya malipo, hatuchangiwi NSSF. Tukiuliza tunajibiwa kwamba kituo ni cha jamii na kwamba sisi ni watu wa kujitolea. Wiki iliyopita uongozi ulituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wakufunzi ukisema kwamba asiye na moyo wa kujitolea awapishe wengine, maana vijana wanaoitaka nafasi hiyo ni wengi.

Nimejitolea katika maisha yangu, kanisani na mtaani, na kujitolea nakujua. Mtu anajitolea kwa hiari yake, kwa muda anaoupanga mwenyewe, na yule anayehudumiwa anajua kwamba hahudumiwi kwa malipo. Hapa mzazi amelipa shilingi 90,000 kwa muhula akiamini kwamba anamlipa mwalimu wa mwanawe. Mama mmoja niliyemweleza ukweli alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa ile fedha yangu inamlipa nani?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hata sisi hatujawahi kuonyeshwa hesabu.

Wenye mashaka wapige hesabu pamoja nami. Darasa langu lina wanafunzi 20, kwa hiyo ada ya muhula mmoja ni shilingi 1,800,000. Nafundisha vipindi vinne kwa wiki, na muhula una wiki 12. Kama kila posho ingelipwa bila kukosa hata moja, na hilo halijawahi kutokea, ningepata shilingi 240,000 kwa muhula mzima, na katika fedha hiyohiyo ndimo ninamonunulia nta, rangi na mkaa, kwa kuwa bajeti ya vifaa nayo huambiwa iko njiani.

Sasa nieleze darasa la batiki lilivyo, ili mtu asidhani tunagombania malipo ya kuwachezesha watoto. Kitambaa lazima kiwe cha pamba na kifuliwe kwanza ili kitoe wanga wa kiwandani, vinginevyo rangi haishiki vizuri. Nta huchanganywa, ya mshumaa na ya nyuki: ya mshumaa ikiwa peke yake hukauka na kupasuka ovyo, ya nyuki huipa ulaini, na mkufunzi ndiye anayejua uwiano kulingana na mipasuko anayoitaka kwenye kitambaa. Nta huyeyushwa kwenye sufuria juu ya jiko, na hapo jicho haliondoki, kwa sababu ikipata moto kupita kiasi huanza kutoa moshi na inaweza kuwaka, na ikiwaka haizimwi kwa maji, kwani maji huirusha ikiwa inawaka vilevile mpaka usoni mwa waliosimama karibu. Unaifunika kwa mfuniko, na sufuria haisogezwi mpaka moto uzimike. Nimewafundisha wanafunzi wangu jambo hilo kabla hawajashika brashi, kwa sababu wengine wana miaka 12 tu.

Baada ya nta kuna rangi, na rangi tunazotumia zinahitaji kostiki (magadi makali ya viwandani) na haidrosi (kemikali ya unga inayosaidia rangi kuyeyuka). Kostiki humiminwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi kamwe juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kuruka. Ikigusa ngozi inaunguza, na ikiingia jichoni inaweza kumpofusha mtu. Niliomba kwa barua glavu za mpira na miwani ya kukinga macho kwa ajili ya darasa zima. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba wanafunzi wafunge mikono yao kwa mifuko ya plastiki, ile ambayo nchi hii ilikwishaipiga marufuku tangu Juni 2019. Glavu nilizinunua mwenyewe. Miwani sikuimudu, kwa hiyo shughuli ya kuchanganya kostiki nimekuwa nikiifanya peke yangu, na wanafunzi wakisimama mbali na kutazama, ingawa kuchanganya ni sehemu ya somo walilolilipia.

Na somo lenyewe ni zuri mno. Kitambaa cha bluu kinapotolewa kwenye beseni huwa bado na rangi ya kijani yenye manjano, kisha kinapokutana na hewa bluu inaanza kujitokeza mbele ya macho yako, kwanza pembeni, halafu katikati, na darasa zima linanyamaza kukitazama. Nimeona kijana aliyefukuzwa shule mbili akirudi Jumamosi nzima kwa ajili ya dakika zile. Ndiyo sababu hatujaondoka, na ndiyo sababu uongozi unaamini hatutaondoka kamwe.

Wapo walioondoka. Mkufunzi wa ufinyanzi, mama mwenye ujuzi aliourithi kwa bibi yake, aliacha katikati ya muhula baada ya kukaa miezi miwili bila posho, na sasa anafinyanga vyungu vya maua na kuviuza kando ya barabara, kazi inayomlisha. Simlaumu hata kidogo. Vyombo vya wanafunzi wake vimebaki kwenye rafu vikiwa vimekauka bila kuchomwa, kila kimoja kimechorwa jina la mtoto kwenye kitako kwa ncha ya msumari, na vingi vimekwisha kupata nyufa, kwa sababu hakuna mwingine kituoni anayejua kupanga vyombo kwenye tanuri na kupandisha moto polepole ili visipasuke. Wazazi wa watoto hao hawajarudishiwa ada. Waliambiwa darasa limesimama kwa muda.

Kinachoniuma zaidi ni alivyotendewa mzee wetu wa ngoma. Mzee huyu anatoka Kisesa, jirani na Bujora yalipo Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaasisi Padre David Clement, na amekulia katika mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya wacheza ngoma wa Kisukuma, akicheza kwenye tamasha la ngoma la Bulabo kila mwezi wa sita tangu ujana wake. Anapofundisha bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, haanzi na miguu. Anaanza na jembe: namna ya kulishika, namna ya kulirusha na kulipokea bila kumkata mwenzako, na kwa nini ngoma hiyo ilizaliwa shambani, watu wakilima pamoja kwa mpigo mmoja. Ngoma zake ni zake mwenyewe. Amezibeba kwenye daladala kutoka Kisesa na kuzilipia nafasi kama abiria, na posho yake ya nauli ni ileile ya kwangu mimi ninayekaa Kirumba.

Mzee aliugua. Hakuna kiongozi aliyekwenda kumjulia hali. Wakufunzi ndio tuliochangishana. Aliporudi alikuta jina lake limeondolewa kwenye ratiba na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake kwa muhula mmoja amepewa darasa, kwa posho ndogo zaidi. Kijana mwenyewe aliona aibu na kumwomba radhi mbele yetu. Lakini bango la lango kuu bado lina picha ya mzee akiwa ameinua jembe, na vipeperushi vinavyogawiwa mjini vina picha hiyohiyo. Katika nchi ambayo mtu mzima huamkiwa hata na asiyemjua, mzee wa umri ule aliambiwa na karani, akiwa amesimama nje ya mlango, kwamba atapigiwa simu akihitajika.

Jambo jingine ni la kazi zetu. Kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo kituo kilipeleka vitambaa nilivyovitengeneza kama vielelezo vya darasani, pamoja na kazi za wanafunzi, vikauzwa kwa jina la kituo bila jina la mtu yeyote. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba kazi zilizofanywa ndani ya kituo ni mali ya kituo, kwa kuwa zimefanywa kazini. Naomba msomaji alitafakari jibu hilo. Linapokuja suala la mshahara, mimi si mfanyakazi, ni mtu wa kujitolea. Linapokuja suala la kuuza kitambaa changu, nimekuwa mfanyakazi ambaye kazi yake ni mali ya mwajiri. Uongozi uchague moja. Na hata ukichagua la pili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake.

Sheria za kazi nazo haziangalii jina ambalo mkubwa amekubandika. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa yaliyotajwa humo, kwa mfano kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, au kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ratiba yangu imepangwa na kituo: Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, na Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Hizo ni saa 14 kwa wiki na zaidi ya 50 kwa mwezi, na nikichelewa naandikiwa kwenye daftari. Aidha, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu ajira yake, na mwajiri akishindwa kuyaonyesha mbele ya chombo cha sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye. Hatuna karatasi kwa sababu wao hawakutupa; kukosa karatasi si hoja yao dhidi yetu.

Najua utetezi wao, kwa kuwa tumeusikia kwenye kila kikao: mfadhili alimaliza mradi wake, kituo hakina fedha, tuvumilie. Nakubali kwamba kituo si tajiri. Lakini fedha ya kujenga uzio ilipatikana, fedha ya mabango ilipatikana, na ada zinaendelea kuingia, tena kwa wingi zaidi tangu mtaala mpya wenye mkondo wa amali ulipoanza kutekelezwa mwaka 2024 na wazazi wakaanza kutafuta mahali pa kuwafundishia watoto wao kazi za mikono. Kituo kikikosa fedha za umeme, hakiliambii shirika la umeme lijitolee. Kwa nini mwalimu pekee ndiye anayegeuzwa kuwa akiba?

Tunachotaka tumekiandika katika barua tuliyoisaini wakufunzi wote waliobaki, na nakala imepokelewa na kugongwa mhuri. Tunataka mikataba ya maandishi kwa kila mkufunzi, malimbikizo yalipwe kwa kufuata madaftari ya mahudhurio, glavu na miwani vinunuliwe kabla ya darasa la batiki kuendelea, kila kazi inayoonyeshwa au kuuzwa iwe na jina la aliyeitengeneza, na mzee wetu aombwe radhi na kurudishiwa darasa lake. Wazazi wa darasa la ufinyanzi nao warudishiwe ada au watafutiwe mkufunzi, na hilo tumeliandika bila wao kutuomba. Nimesimamisha kazi yote ya kostiki mpaka vifaa vya kinga vipatikane. Wanafunzi wanaendelea na uchapaji wa kawaida.

Ikiwa hatutajibiwa, tutajaza fomu na kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwani migogoro isiyohusu kuachishwa kazi ina muda wa siku 60 tangu ilipoanza na hatuna nia ya kuchelewa. Kwa upande wa mzee tunadhani muda ni mfupi zaidi, siku 30, kwa kuwa kuondolewa kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa, na hapo ndipo ninapohitaji msaada wenu. Mwenye uzoefu na shauri la mkufunzi au mwalimu wa muda asiye na barua ya kuachishwa anieleze: tume ilihesabu siku kuanzia lini, siku alipofutwa kwenye ratiba au siku alipokataliwa mlangoni? Na ninyi mnaofundisha sanaa kwenye vituo vya Ilemela na Nyamagana, pigeni picha madaftari yenu ya mahudhurio sasa, kila ukurasa wenye saini yenu, kwa sababu la kwetu limekwisha kuhamishiwa ofisini na limefungiwa kabatini.