Mrejesho: kiuno changu na magunia ya mahindi

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ndiye niliyeuliza mwezi wa tatu kuhusu kiuno kinachokaza kila nikishusha mahindi dukani kwangu, hapa Majengo, Dodoma. Asanteni sana wote, hasa dada aliyesema niache kuinama miguu ikiwa imenyooka.

Hilo limenisaidia kuliko yote. Sasa nachuchumaa, naukumbatia mzigo mpaka uguse tumbo, kisha nasimama kwa nguvu za mapaja. Nikigeuka nageuka na miguu, sipindi kiuno. Gunia la kilo 100 siligusi tena peke yangu: nalipunguza kwa debe, au kijana wa jirani anashika upande wa pili. Maji nayo, badala ya ndoo moja ya lita 20, nabeba madumu mawili ya lita 10, kila mkono lake.

Mkanda wa kiuno haukunifaa, ulinibana tu. Kutembea jioni nilianza vizuri, msimu wa alizeti ukanikatiza. Na nikipanda basi kwenda Kondoa kiuno bado kinakaza, ila siku mbili, si wiki nzima kama zamani. Daktari aliniambia ganzi ikishuka mguuni nirudi haraka. Haijatokea, namshukuru Mungu.