Tupeane uzoefu: chombo kimoja cha mikokoni na cha nje ya mwamba, kipo kweli?

Mtu wa Mkanda
Assalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Jana nimepita gatini Mokowe nikaona boti mpya ya faiba imelala ubavu kwenye tope, maji yamekupwa, mwenyewe kakaa ukingoni anakula muhogo wa kukaanga kana kwamba hakuna neno. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Mwaka juzi nilikuwa mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Nataka chombo cha futi 20 hadi 24. Nipite Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, hata maji yakiwa nusu, niingie vijito vya mikoko kutafuta kaa na kutega nyavu za jarife. Bahari ikitulia nitoke nje ya mwamba nikafuate nguru na jodari. Na nina binamu Homa Bay, ananiambia upepo wa kusi ukinishinda nikipakie kwenye lori nimpelekee ziwani. Fundi mmoja kanambia chini bapa, wa pili kanambia mkuku, ule uti wa chini, na watu wa faiba wananipigia simu kila siku. Semeni yaliyowapata, siyo mliyosikia.

Kaskazi Mpole
Chini bapa utajuta. Nimemaliza.

Binti Shela
Kaskazi, mtu kaomba uzoefu, hakuomba hukumu 😂

Kaskazi Mpole
Uzoefu wangu ni kiuno changu. Njoo ukione kinavyoinuka asubuhi.

Pweza Mkavu
Mimi nilikuwa na kinyume chake. Mashua ya futi 28, mkuku mrefu, kazi ya Matondoni, nimekaa mwenyewe kutazama ikizibwa nyufa kwa kalafati. Nje ya mwamba ilikuwa bibi harusi. Balaa ni ndia ya kurudi.

Siku za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tumetoka Kizingitini tumechelewa kwa sababu mwenye barafu alikwenda mazikoni. Barafu tuliyopata ni ya safari fupi tu. Tumeingia Mkanda jua linazama, maji yameshaanza kutoka kitambo. Nikamwambia mwanangu apime kina kwa pondo, ule mti wa kusukumia. "Baba, kifuani." Tukaenda. "Baba, kiunoni." Nikamwambia pima tena, kana kwamba pondo linaweza kubadili maneno. Mara nikausikia mkuku umegusa. Siyo mguso wa mwamba, ule wa tope, laini, chombo kinapunguza mwendo kama punda aliyekumbuka nyumbani.

Tumeshuka watatu kusukuma, tope mpaka mapajani. Wapi. Maji yakatuacha tunayatazama. Mashua ikainama kidogo kidogo mpaka sufuria ya wali ikateleza ikamwagika kwenye ngama, kule chini tumboni. Mpaka saa nane usiku ndipo ilipoinuka. Asubuhi nguru mato yameshaingia ndani, nikauza kwa bei ya ng'onda, samaki mkavu.

Ushauri wangu: usitafute chombo kimoja. Nunua mashua, uvute na hori nyuma, mtumbwi mdogo. Mikokoni unaingia na hori, mashua unaiacha penye kina.

Mla Nguru
Umesahau mbu.

Pweza Mkavu
Ami, wale hawasahauliki. Nimewaachia kwa heshima yako.

Mla Nguru
Mimi naunga mkono hori. Tatizo moja tu, ukiwa nje na kusi likakaza, hori linalovutwa hugeuka adui. Linakuja kukupiga tezini, nyuma ya chombo. Nimelikata kamba moja mwaka ule na nikaliaga kwa mkono.

Fundi Asiye na Haraka
Nasoma hapa nacheka. Watu wanasema bapa au mkuku kana kwamba chombo ni mkeka, huku na huku sawa. Chombo kina omo mbele na kina tezi nyuma, na kila kimoja kina kazi yake. Omo litiwe ukali, lisimame, lipasue wimbi. Ukirudi nyuma tumbo lifunguke taratibu, mpaka tezini liwe karibu bapa, likae juu ya maji. Mkuku usiutoe, upunguze kina chake tu, upate wa kushika njia bila kulima tope. Ubavu uinue. Ndugu zetu wengi wanataka chombo kifupi kwa kimo kwa sababu ni rahisi kuvutia nyavu, halafu wimbi dogo linaingia kunywa chai nao.

Na kabla ya kununua injini pima ubao wa nyuma. Kuna injini za shafti fupi, inchi 15, na ndefu, inchi 20. Ukifunga ndefu kwenye ubao mfupi, propela inakuwa jembe. Ukifunga fupi kwenye ubao mrefu, likija wimbi inavuta hewa, inalia bure. Nimeona watu wamenunua injini kwanza kwa sababu ilikuwa bei poa, halafu wakaja kwangu niikate boti ifuate injini.

Malindi Raha
Fundi una hekima lakini unavuta upande wako. Sema ukweli, mbao inapandishwa pwani mara ngapi kwa mwaka? Kuchoma chini, kupaka, kalafati upya, na ile minyoo inayotoboa mbao haina likizo. Mimi nina faiba mwaka wa sita. Naisugua kome na makoa, narudi majini.

Fundi Asiye na Haraka
Na ikipanda tumbawe?

Malindi Raha
Kitambaa na resini. Ikikauka naondoka.

Fundi Asiye na Haraka
Ukiwa nayo hiyo resini. Kule kisiwani Kiwayu utainunua kwa kasa?

Malindi Raha
Kasa hanunuliwi, ni haramu kwa serikali 😅

Pweza Mkavu
Malindi nyamazeni kidogo. Swali ni la mikokoni. Nyinyi mna mikoko gani huko zaidi ya matope ya mto Sabaki?

Malindi Raha
Mikoko ya Mida hujaisikia?

Pweza Mkavu
Mida ni Watamu.

Malindi Raha
Na Watamu ni wapi, Zanzibar?

Binti Shela
Jamani. Chombo.

Mtoro wa Kusi
Nilisoma nikasema leo sisemi. Sasa nimeona hii "bapa" imetajwa mara nyingi na hakuna aliyesema inavyoua. Haya.

Mwezi wa saba, kusi lenyewe. Nilikuwa na boti ya mbao futi 18, chini kama meza, injini ya nguvu za farasi 15. Mikokoni ilikuwa raha tupu. Kijito cha Takwa, ambacho wenzangu husubiri maji yajae, mimi naingia wakati ndege bado wanatembea topeni. Nikaanza kujiona nahodha. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akanambia twende nje, changu wako tele.

Tumetoka mlango wa Shela asubuhi maji yanaingia. Upepo unaingia, maji yanaingia, vyote njia moja, bahari imelala kama shuka. Hapo ndipo nilipodanganywa. Kule nje kila wimbi lilikuwa kofi. Boti haikati, inapanda inaanguka, pa! Meno yanagongana. Sikujua kwamba kila kofi lilikuwa linalegeza msumari.

Tumeanza kurudi saa nane. Maji sasa yanatoka, kusi bado linaingia. Wanaopajua wanajua. Vikikutana pale mlangoni kati ya Shela na Ras Kitau, wimbi linasimama wima na linafupika. Nalo linakuja kutoka nyuma. Boti yenye mkuku hushikwa ikaelekezwa. Yangu tezi lilikuwa linateleza kama sabuni kwenye sahani. Nakata huku, inakwenda kule. Naangalia chini, naona maji, na kandambili moja ya bluu ya shemeji inazunguka ndani ya boti. Maji hayakuwa yametoka juu. Yalikuwa yanapanda kutoka kwenye ubao.

Shemeji akashika kipande cha dumu akaanza kufua maji, kuyachota kuyamwaga nje. Wimbi likatuinua, propela ikatoka nje, injini ikapiga kelele, ikarudi majini kwa kishindo. Tak. Nikasikia pini ya propela imekatika. Injini inaunguruma vizuri kabisa na boti haiendi popote. Tukageuka ubavu.

Mimi niliyekuwa namcheka mzee yeyote mwenye kamba ndefu, siku ile nilikuwa na nanga ya baura na amari, kamba yake ndefu, kwa bahati tu, sikuwa nimeitoa tangu niazime. Nikajitupa omoni nikaitosa. Ilikokota, ikakokota, ikashika. Omo likageukia wimbi. Tukatosa samaki wote, changu, tafi, na kolekole mmoja ambaye mpaka leo nikila wali mkavu namkumbuka. Tukafua. Nilipiga shahada nikafua, nikafua nikapiga shahada.

Mashua ikatufikia, tanga dogo, nahodha mtu mzima. Akatupa kamba. Hakuuliza mnatoka wapi. Alisema neno moja, "Fueni," mpaka tukafika mchangani.

Shemeji alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Wiki tatu nimewekewa chakula bila salamu.

Binti Shela
😭😭 Yaa Rabbi. Jaketi je?

Mtoro wa Kusi
Lilikuwapo moja. Tulikuwa tumelikalia.

Mla Nguru
Na pini ya akiba?

Mtoro wa Kusi
Nyumbani, kwenye kopo la kahawa. Salama kabisa.

Kaskazi Mpole
Nilisema neno moja nikaambiwa natoa hukumu.

Binti Shela
Ulisema matatu. Endelea Mtoro, kolekole alikuwa kilo ngapi?

Mtoro wa Kusi
Kumi.

Pweza Mkavu
Juzi kwenye baraza ulisema saba.

Mtoro wa Kusi
Juzi alikuwapo mwenye mizani.

Mla Nguru
Hii imenikumbusha 2018, mahakama ilipotoa hukumu ya fidia ya bandari ya Lamu, shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya 4,600. Kabla mtu hajashika shilingi, kila mmoja alikuwa na boti kichwani. Mimi yangu ilikuwa na choo.

Ziwa Kuu
Salaam kutoka Mbita. Mama yangu ni mtu wa Faza, baba Mjaluo, nimevua kote kuwili, kwa hiyo msinirukie.

Huyo binamu wa Homa Bay ana nia njema lakini mwambieni mwenye swali: ziwa Victoria si kidimbwi. Lina kilomita za mraba kama 68,800. Wimbi lake si refu kama la bahari, lakini ni fupi na la haraka. Baharini wimbi likipita unapata nafasi ya kumeza mate. Ziwani la pili limeshafika. Ndiyo maana mitumbwi yetu ni mirefu, myembamba, ina mkuku na omo la juu. Urefu unakusaidia usitumbukie kati ya wimbi na wimbi. Futi 18 kama ya Mtoro, usiku wa kuvua omena, dagaa wa ziwani, mko mbali na pwani, hakuna mwezi, taa zinawaka, halafu radi inaanza upande wa pili... niache hapo.

Ukingoni nako ni kina kifupi na gugu maji. Linajisokota kwenye propela mpaka unazima unakata kwa kisu. Kwa hiyo injini inayoinuka kwa urahisi ni lazima, na makasia yawe ndani kila siku. Tofauti kubwa ni hii: huku hakuna kujaa na kupwa. Kule Mkanda ukikwama unalala, maji yanarudi kukuchukua. Huku ukikwama unashuka kusukuma, hakuna anayekuja.

Jambo jingine dogo. Chombo kile kile, mzigo ule ule, ziwani kinazama zaidi kidogo.

Malindi Raha
Hapo umetupoteza. Maji ni maji.

Ziwa Kuu
Chumvi inabeba. Nimeona kwa macho alama ya rangi ubavuni.

Malindi Raha
Uliona mzigo.

Mwalimu wa Zamu
Ziwa Kuu yuko sahihi. Tia yai kwenye maji ya kisima, litazama. Koroga chumvi nyingi, litaelea. Maji ya bahari ni mazito kwa kama asilimia mbili na nusu. Chombo kinachozama sentimita 40 Lamu kitazama kama 41 Homa Bay.

Malindi Raha
Sentimita moja! Mmenigombeza kwa sentimita moja!

Pweza Mkavu
Siku ile Mkanda ningeilipia.

Fundi Asiye na Haraka
Kwa upande wa mbao, ile minyoo ya bahari haiishi maji baridi, kwa hiyo ziwani atapumzika nayo. Lakini mbao huoza huko, hasa maji ya mvua yakikaa ndani. Asiseme nilimwambia ni pepo.

Kaskazi Mpole
Uza vyote ufuge mbuzi.

Mtu wa Mkanda
Wakubwa, nimesoma yote mara mbili, na mke wangu kasoma ya Mtoro akanipigia simu niko msikitini. Ya ziwani nimeiacha, binamu atafute lori lake. Nimebaki na futi 22, omo kali, tezi pana, ubavu umeinuliwa. Hori nalifikiria. Fundi, hiyo sura ya omo una kalibu yake au unachora kwenye karatasi?

Fundi Asiye na Haraka
Jicho, mwanangu. Lakini fanya hivi kabla hujaja. Chukua pondo lako, pita ndia zako zote maji yakiwa nusu, kila mahali unapotaka kupita utie alama ya kisu. Uniletee pondo. Simu yako sitaki kuiona.

Malindi Raha
Na faiba ukiitaka nambari ninayo.

Mtoro wa Kusi
Kwa anayehitaji: boti ya mbao futi 18, chini bapa, ubao umebadilishwa, imepakwa rangi. Ya mikokoni tu. Bei tutaelewana.

Mtu wa Mkanda
Inakuja na pini?