Sauti inaitangulia picha baada ya saa moja

Fundi wa Moshi: Wakuu, naomba msaada. Tunarusha ibada mubashara: kamera tatu na mikisa ya sauti, vyote kwenye swichi moja ya mtandao. Mwanzoni mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Baada ya saa moja sauti imetangulia. Nimeongeza bafa (akiba ya data inayosubiri kuchezwa), wapi!

Njiro: Mkuu, bafa haitibu hilo. Pengo lisilobadilika ni ucheleweshaji. Linalokua ni saa za ndani za vifaa kupishana mwendo. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni milisekunde 3 kila dakika, yaani 180 kwa saa. Weka seva ya NTP (itifaki ya kulinganisha saa za vifaa mtandaoni) kwenye kompyuta ya hapohapo, kamera zote ziifuate, na ripoti za RTCP (taarifa za muda zinazoambatana na RTP, itifaki inayosafirisha picha na sauti) zisizuiwe. Bila hizo mpokeaji hawezi kuoanisha mihuri ya muda ya RTP: ya picha huhesabu 90,000 kwa sekunde, ya sauti mara nyingi 48,000, kila moja ikianzia namba yake.

Sakina: Naongezea: NTP hairekebishi kasi ya sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde). Programu ya kupokea lazima iivute au kuibana sauti kidogo kidogo. Pima hivi: piga kofi mbele ya kamera, hesabu fremu (picha moja moja za video) kati ya mlio na viganja kugusana. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila moja ni milisekunde 40. Rudia baada ya nusu saa.

Fundi wa Moshi: Shukrani. RTCP ilizibwa na ngome (firewall) ya ruta, naifungua sasa.