Mama ana kidonda, daftari linasema aligeuzwa: nimtoe au nimwache?

BintiTemeke: Mama ana miaka 78, kiharusi kilimpiga mwaka juzi, upande wa kulia umelala. Tangu Februari yuko kwenye nyumba binafsi ya kutunza wazee hapa Dar, jina naliacha. Juzi nimeingia bila taarifa saa mbili usiku. Namgeuza nimbadilishe kanga, nakuta kidonda juu ya makalio, upana wa kifuniko cha chupa ya maji, nguo imegandia. Pembeni kuna daftari la kugeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili. Limeshatiwa tiki saa nne, saa sita, saa nane, mpaka alfajiri. Na ilikuwa saa mbili usiku! Zamu ya usiku ni dada mmoja, wazee kumi na wanne. Nimtoe au nipambane nao? Na anayezikagua nyumba hizi ni nani?

MkakaTandika: Pole. Ila dada, mama hapelekwi kwa watu. Kakubeba miezi tisa, leo unalipa mtu amgeuze? Hii si mila yetu.

MamaPacha: Kaka, mama yako anaogeshwa na nani?

MkakaTandika: Yuko kwangu. Anakula, analala salama.

MamaPacha: Sijauliza analala wapi.

MkakaTandika: Mke wangu anamwogesha. Kuna ubaya gani?

MamaPacha: Basi usiseme "namtunza mama". Sema mke wangu anamtunza. Nimemuuguza mama mkwe miaka sita, Mbagala. Genge la mboga nililiacha. Mwenye mama yake anachungulia mlangoni, "Mama umeamkaje", huyo kawahi daladala. Wageni wakija sifa zake. Yule mama nilimpenda, mpaka leo namwombea. Lakini kiuno changu hakijarudi.

MkakaTandika: Mimi ndiye ninayelipa kodi, chakula na dawa za presha. Usinihukumu kwa ubaya wa mume wako.

BabuGongolamboto: Wanangu, heshima. Sera ya wazee ya 2009 inasema mzee atunzwe kwanza na familia, makazi yawe mwisho kabisa. Kijana hajakosea.

MwalimuMstaafu: Ni ya 2003, mzee wangu. Na kweli inasema hivyo, ila makazi yanayotajwa humo ni kama ya Nunge kule Kigamboni, ya serikali, kwa mzee asiye na mtu. Huyu ana watoto na wanalipa. Ukilipia huduma una haki ya kuidai.

MpembaMjini: Bara mwanzie kwenye pensheni. Zanzibar tangu 2016 kila aliyetimiza miaka 70 alianza kupewa elfu 20 kwa mwezi, hata kama hakuajiriwa maisha yake yote. Mzee mwenye chake hasukumwi.

MamaPacha: Elfu 20 haimalizi mwezi wa pampasi za mtu mzima. Na pensheni haimgeuzi mtu kitandani.

MpembaMjini: Bibi yangu aliishika mkononi akalia. Usiidharau.

BintiTemeke: Jamani, kidonda cha mama. Kaka wa Tandika, nilimtunza nyumbani kwanza. Dada wa kazi watatu ndani ya mwaka. Wa mwisho binti mdogo, mwembamba, mama akamponyoka bafuni. Narudi kutoka Kariakoo nawakuta wote wawili chini kwenye maji, wanalia. Kaka zangu wanatuma pesa. Mikono hawatumi.

ZamuYaUsiku: Mimi ni muuguzi, miaka 11 wodini. Dada, kidonda hicho kinakuja pale mfupa unapobana nyama juu ya godoro, damu isipite. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo gusa: pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni, pameanza. Gusa visigino na nyonga. Wasipasugue, wasimkalishe kwenye pete ya mpira. Mpeleke hospitali kidonda kionwe. Daftari lipige picha leo kabla halijapotea, uende nalo kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Na ukichagua nyumba nyingine usitazame sebule. Nenda saa nane usiku, hesabu walio macho.

MkakaTandika: Ushauri mzuri. Bado nasema kwa mtoto ndiyo salama.

MamaPacha: Kwa mke wa mtoto.

BintiTemeke: Nimerudi. Picha nimepiga. Kisigino cha kushoto ni cha moto, kile cha kulia kimeshaiva, kina maji. Asubuhi naenda naye hospitali. Dada wa zamu amenishika mkono getini, anasema tiki anaambiwa azijaze mapema ili ukaguzi usikute nafasi tupu. Ameomba nisimtaje. Anasema akifukuzwa, usiku wale wengine kumi na watatu watabaki na mlinzi.