Wauza skana wa Kampala wanatuuzia namba, hawatuuzii kifaa

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira. Duka moja la katikati ya jiji limeniuzia skana ya bapa (ile ya kulazia kitu juu ya kioo) na kunihakikishia kwamba hakuna bora zaidi kwa filamu za picha za kamera, kwa kuwa kwenye boksi pameandikwa nukta 9600 kwa inchi. Namba hiyo si uwezo wa kifaa kusoma. Nukta nyingi kati ya hizo programu inazikisia tu kutokana na zile chache zilizosomwa kweli.

Lililoniuma zaidi ni suala la vumbi. Kabla ya kutoa hata shilingi niliuliza kama ile huduma ya kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, itazifaa negativu (filamu zilizokwisha kusafishwa) za marehemu baba, ambazo zote ni za nyeusi na nyeupe, na muuzaji akaniapia kwamba inafaa kwa filamu yoyote. Si kweli. Filamu ya rangi hupitisha infraredi, kwa hiyo kinachozuia mwanga ni vumbi na mikwaruzo. Lakini kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe picha yenyewe imeumbwa kwa chembe za fedha, nazo huuzuia mwanga huo, hivyo skana huiona picha kuwa ni uchafu na kuanza kuifuta. Darizi ya kifuani mwa kanzu ya babu, ambayo kwenye negativu unaihesabu uzi kwa uzi ukitumia kioo cha kukuzia, kwenye picha iliyotoka kwenye skana imegeuka baka laini lisilo na chochote.

Nilipolalamika, walitaka kuniuzia na kompyuta ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4, yenye skrini ambayo rangi zake hubadilika ukiinamisha kichwa kidogo tu. Fremu moja ya milimita 24 kwa 36 ikisomwa kwa nukta 4000 kwa inchi, kila nukta ikiwa na biti 48 za rangi, ni faili la karibu megabaiti 128, kabla hujaongeza tabaka hata moja la kuhariri. Kwa kazi hiyo mimi singeanzia chini ya RAM ya gigabaiti 16.

Sasa wanakataa kurudisha fedha zangu eti boksi limefunguliwa. Skana hupimwaje ikiwa ndani ya boksi? Kama yupo anayejua duka la hapa Uganda linalomruhusu mteja ajaribu negativu yake mwenyewe kabla ya kulipa, naomba alitaje hapa, nasi wengine tuhamie huko.